Mwanamke Madhabahuni: Machame Ndiyo, Kibosho Bado

Machame na Kibosho ni majirani mlimani Kilimanjaro. Machame ni ngome ya Walutheri, Kibosho ya Wakatoliki, na watu wameoana pande zote mbili. Ila binti wa Machame akiitwa utumishi anaweza kwenda chuo cha Makumira, pale Usa River, akasoma theolojia na kubarikiwa uchungaji. Mwenzake wa Kibosho atakuwa sista au katekista. Upadre hapewi.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake, na wachungaji wanawake wa kwanza wakabarikiwa 1991. Kabla ya hapo wanawake walikwisha kusoma theolojia, wakarudi kufundisha kipaimara na kuzungukia wagonjwa, lakini Meza ya Bwana ikabaki ya wanaume. Hata baada ya uamuzi, kila dayosisi iliachiwa iende kwa mwendo wake, na zipo zilizochelewa miaka mingi.

Msimamo wa Wakatoliki usipuuzwe. Katika waraka wake wa 1994, Papa Yohane Paulo II hakusema wanawake hawawezi kazi. Alisema Kanisa halina mamlaka ya kuwapa upadre, kwa kuwa Kristo aliwachagua mitume wanaume. Anayeamini kwamba sakramenti hupokelewa kama ilivyokabidhiwa hawezi kuigeuza kwa kura. Hoja hiyo naiheshimu, ingawa sikubaliani nayo.

Wanaonishinda ni Waprotestanti wanaoshika 1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha", halafu Jumapili wanawapeleka watoto wao wa kiume kufundishwa na akina mama. Paulo huyohuyo, katika Warumi 16, anamtambulisha Fibi kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea na kuagiza apokelewe kwa heshima. Mstari mmoja ukishikwa, na mwingine usomwe.

Kwetu uzito mwingine hauko kwenye Biblia kabisa, uko kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mchaga huzikwa nyumbani, katikati ya migomba, kwenye ardhi ambayo kwa desturi hurithiwa na wana wa kiume, na wazee wa ukoo ndio wenye neno. Mchungaji mama anaposimama ukingoni mwa kaburi, ukoo mzima ukimsubiri aseme "mavumbi kwa mavumbi" ndipo udongo uanze kurushwa, ameshika nafasi ambayo mila haikumwekea. Wapo wanaonong'ona pembeni wakiulizana kama mchungaji mwanamume hakupatikana. Hao hawabishanii Paulo, na kuwajibu kwa mistari ni kupoteza muda. Watazoea kwa kuhudumiwa.

Kwa Wakatoliki, mjadala ulio hai ni wa ushemasi, daraja lililo chini ya upadre. Papa Fransisko aliunda tume ya kuchunguza suala la mashemasi wanawake mwaka 2016, kisha nyingine 2020. Ningependa jumuiya ndogondogo za Kibosho nazo zijadili suala hilo waziwazi, masista wakiwemo na wakisikilizwa kwanza, maana ndio wanaokesha na wagonjwa wetu.