Kustahimili Ukame Pekee Hakutoshi

Anayetaka kupamba boma lake katika maeneo makavu ya Kenya kama Baringo au Laikipia hushauriwa apande mimea inayostahimili ukame. Ushauri huo una kasoro, na Baringo imeilipia. Mathenge, mti wenye asili ya Amerika, ulipandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili utoe kuni na kuhifadhi udongo. Ukame kweli uliustahimili, lakini ukavamia malisho, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mifugo, hata wakazi walipokwenda mahakamani wakamfikisha mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Huko Laikipia, mpungate wa kigeni nao huwachoma mbuzi midomo kwa miiba.

Hapo ndipo hoja ya kupanda mimea ya asili inapopata nguvu. Mshubiri pori huwapa ndege aitwaye chozi na nyuki maua yenye nekta, na mgunga hudondosha maganda ambayo mbuzi huyategemea wakati wa kiangazi. Hata hivyo, uasili si hati ya tabia njema: ipomea, mmea wa huku huku wenye maua ya kupendeza, umetanda katika malisho ya Kajiado, hasa palipolishwa kupita kiasi.

Wapinzani wa mimea ya asili, kwa maoni yangu, husikilizwa kidogo mno. Mama anayefagia uwanja mpaka udongo ubaki mtupu hafanyi hivyo kwa kutojua uzuri wa maua pori. Anataka kumwona nyoka kabla mtoto hajamkanyaga. Miche ya mwarobaini, mti uliotoka Asia, hupatikana vitaluni kwa urahisi na kivuli chake huja mapema, ilhali mgunga humtaka mtu asubiri. Sioni sababu ya kuukata mwarobaini ambao tayari wazee hupumzika chini yake. Maua pori yapewe mpaka wa shamba, mbali na mlango na mbali na mbuzi, na uwanja uendelee kufagiwa.

Linalonitia shaka zaidi ni miche yenyewe inakotoka. Wapo wanaong'oa mishubiri porini ili kupamba nyumba, ingawa biashara ya kimataifa ya jamii karibu zote za mshubiri inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama pori dhidi ya biashara inayowahatarisha; huko ni kuhamisha pori, si kuliongeza. Anayetaka kupanda aoteshe mbegu au achukue machipukizi kwa jirani, na msimu wa kwanza amwagilie, kwani mche mchanga hauna bado mizizi ya kuufikia unyevu wa chini.