Dawa ya zabibu na mtoto aliye tumboni

Hapa Dodoma mazungumzo ya uzazi wa mwanamume hayachukui muda kugeuka kuwa ya nguvu za kiume na unga wa mizizi. Lakini kusimamisha ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine: mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote na mbegu zikawa chache. Na uchache huo huenda ulianza kabla hajazaliwa.

Mwaka 2001 daktari Niels Skakkebæk wa Denmark na wenzake walitoa hoja kwamba korodani zisizoshuka, tundu la mkojo linalotokea chini ya uume, mbegu chache na saratani ya korodani huenda vina mzizi mmoja: ukuaji wa korodani kuvurugwa mtoto akiwa tumboni. Kipindi nyeti kinakadiriwa kuwa wiki ya 8 hadi ya 14 ya mimba, na akina mama wengi wakati huo hata kliniki hawajaanza.

Ushahidi unaonishika zaidi, ingawa ni wa watoto waliokwisha kuzaliwa, ni wa Seveso, Italia. Julai 1976 kiwanda kilimwaga sumu ya dioksini hewani. Miaka mingi baadaye watafiti walipowapima wanaume wa pale, walioipata wakiwa watoto wadogo walikuwa na mbegu chache kuliko wenzao, ila walioipata wakiwa watu wazima hawakuonyesha tofauti hiyo. Sumu ileile, mji uleule, kilichotofautiana ni umri. Karibu na kwetu, Limpopo, Afrika Kusini, wavulana ambao mama zao waliishi vijiji vilivyopuliziwa DDT, dawa ya kuua wadudu, dhidi ya malaria walionekana kuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaliwa na kasoro za viungo vya uzazi na mkojo. Na malaria nayo inaua watoto. Hilo huwezi kuliruka.

Wanaopinga hofu kwamba mbegu zinapungua wana hoja nzito. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulisema mbegu za wanaume wa nchi za Magharibi zilishuka kutoka milioni 99 hadi 47 kwa mililita kati ya 1973 na 2011. Wakosoaji wanajibu kwamba njia za kuhesabu zimebadilika, na kwamba milioni 47 bado ni mbali juu ya milioni 16, kiwango cha chini cha rejea cha Shirika la Afya Duniani. Takwimu za Afrika ni haba. Tena mwanamume akikosa mtoto, magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, na mishipa ya korodani iliyovimba vinastahili kupimwa kwanza. Nakubali yote hayo, na sitamtisha mkulima wa Hombolo, hapa Dodoma, kwa takwimu za Magharibi.

Ila suala la mimba halingoji ubishi huo uishe. Mankozebu, dawa ya ukungu inayotumika sana kwenye mazao, Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha kibali chake mwaka 2020, mojawapo ya sababu ikiwa madhara kwa uzazi. Kwetu bado inauzwa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo dawa hupigwa tena na tena. Nimemwona mama, mtoto mgongoni, akichota maji ya kuchanganyia kwa kopo lililokuwa la dawa, unga wa njano umeganda kwenye pindo la kanga aliyombebea mtoto.

Mumewe, bomba la kupigia dawa mgongoni, aliniambia, "Nikiacha dawa, ubwiri, ukungu huu, unanimalizia shamba." Ana haki. Sikumwomba aache, nilimwomba mkewe na mtoto wasiwepo siku ya kupiga dawa, na kopo lile litobolewe lisitumike tena. Akauliza, mke akibaki nyumbani, mchota maji wa kukodi atamlipa nini. Swali ambalo ningependa kuliona kwenye vikao vya ushirika ni hili: wakulima kumi wakichangia mpigaji dawa mmoja aliyefundishwa, mwenye glavu na barakoa, gharama ya kila mmoja kwa msimu ni shilingi ngapi?