Kakao bila ukataji misitu: nani alipie ushahidi?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayofunga soko lake kwa bidhaa saba iwapo zimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020: kakao, kahawa, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na kila mara mvutano ni uleule: wengine wanaiona kinga ya misitu, wengine mzigo kwa mkulima mdogo. Nitaipima kwa kakao, kwa sababu huko pande zote mbili zina hoja za kweli.

Anayeitetea hana haja ya kutia chumvi. Côte d'Ivoire imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya misitu yake tangu uhuru wa 1960, na kakao ni sababu mojawapo kubwa. Mwaka 2017 kampuni za chokoleti zilitia saini ahadi za hiari pamoja na nchi hiyo na Ghana, lakini ahadi ya hiari haina faini. Sheria inayo: kiwango cha juu hakiruhusiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni ndani ya Umoja huo. Isitoshe, mnunuzi wa kijijini huchanganya kakao ya wakulima wengi, na gunia likifika bandarini hakuna ajuaye punje ipi imetoka msituni. Bila kulazimishwa, sioni nani angegharamia kulitafuta jibu.

Ugumu uko kwenye kulitafuta huko. Kila shamba linatakiwa kuonyeshwa kwenye ramani. Likizidi hekta 4, mipaka yake yote ichorwe. Kwa mwenye shamba kubwa, hatimiliki na makarani, hiyo ni kazi ya ofisini. Kwa mwenye vipande viwili vya urithi visivyo na hati, lazima mtu aende kwa miguu na kifaa mkononi, na mtu huyo analipwa. Kisheria wajibu ni wa mwagizaji wa Ulaya, ila yeye anaweza kumsukumia msafirishaji, msafirishaji akausukumia ushirika, na ushirika ukamkata mkulima. Tena ramani ikibaki mikononi mwa mnunuzi aliyeigharamia, mkulima akitaka kumuuzia mwingine anaanza upya. Hili la ramani halizungumzwi vya kutosha.

Kinachonisumbua zaidi ni bei, ambayo sheria haiigusi. Mikakao ikizeeka mavuno hushuka, na kupanda upya kunadai mbolea, vibarua na miaka kadhaa ya kusubiri. Udongo wa msitu uliofyekwa hutoa mavuno mazuri kwa gharama ndogo. Asiye na akiba anajua hesabu hiyo bila kufundishwa, na satelaiti inayokagua misitu haimbadilishii.

Majaribio ya kuinua bei hayajaenda mbali. Mwaka 2019 Ghana na Côte d'Ivoire, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilitangaza nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ili kumfaa mkulima. Wanunuzi waliikubali, kisha nyongeza nyingine waliyokuwa wakilipa kwa ubora wa kakao ya nchi hizo ikashuka hadi chini ya sifuri, yaani ikageuka punguzo. Hata mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, wakulima wengi walikuwa wakilipwa bei ya serikali, iliyopangwa kwa mavuno yaliyouzwa mapema kwa bei ya chini. Lawama hapo si ya Ulaya peke yake.

Kwa hiyo naiunga mkono sheria, kwa masharti: mwagizaji alipie ramani, ushirika uimiliki, na mkataba wa ununuzi uwe wa miaka kadhaa ili mkulima athubutu kung'oa mikakao mizee. Hata hivyo, upo mwanya ambao masharti hayo hayauzibi. Ulaya ndiyo mnunuzi mkubwa wa kakao, lakini si pekee. Mfanyabiashara anaweza kupeleka huko mzigo wenye ramani, na ule wa msituni akaupeleka kwenye soko lisilouliza.