Zilirudi zenyewe

Mwandishi wa makala niliyoisoma asema nywele kunyonyoka baada ya homa ya virusi ni kwa muda tu. Kweli, ila amelipita linalotisha: hazitoki ukiwa kitandani. Mimi nilipona homa ya dengi, nikaisahau, miezi mitatu baadaye kitana kikaanza kujaa. Hapa Langoni, Lamu, jirani wa kwanza akasema ni jicho la hasidi, wa pili maji ya kisima yana chumvi (nimeyaogea tangu utotoni!). Daktari akanieleza kuwa homa kali huzifanya nywele nyingi zipumzike kwa wakati mmoja, kisha zikapukutika pamoja. Mafuta ghali niliyouziwa sikuona kazi yake. Mwezi wa sita tangu nipone vijinywele vikasimama kwenye paji la uso kama vya mtoto mchanga, nikashukuru buibui langu kwa kuvificha.