Kitufe cha A

Kompyuta yangu mpakato ilikuwa na maradhi mawili. Feni ilinguruma kama boti ya wavuvi wa Mwaloni, na kitufe cha A kilifanya kazi kikijisikia. Unakibonyeza mara kumi, kimya. Ya kumi na moja kinamwaga aaaaaaa kama mtoto aliyechomwa sindano. Kosa langu. Nilikuwa nakula dagaa huku naandika ripoti.

Sasa Kiswahili bila A utaandika nini? Na nywila yangu ilikuwa Nyamagana. Hesabu mwenyewe: A nne. Kuifungua tu ilikuwa kazi ya robo saa.

Usiku wa kuamkia kwenda kwa fundi nikaiandaa kama mgonjwa wa kulazwa Bugando. Mafaili nikayahamishia kwenye flashi. Chaja nikaiviringisha. Matatizo yote nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya mfuniko kwa selotepu. Kisha nikaona si busara kumpa fundi nywila yangu ya kweli. Nikaamua kuweka ya muda, isiyo na A, asije akateseka.

Nikatafuta neno. Sangara, A tatu. Sato, imo. Dagaa, usiseme. Redioni kwa jirani kulikuwa na kipindi cha mahusiano, mtangazaji akataja neno moja, nikalipima herufi kwa herufi: safi! Nikaliweka, nikalala. (Msiniulize kwa nini sikuandika 1234. Saa sita ya usiku, hata akili yangu ilihitaji fundi.)

Asubuhi bosi akanituma Sengerema. Mama watoto anauza vitenge Makoroboi, na fundi yuko jirani na meza yake, basi akaichukua yeye. Niko katikati ya maji kwenye kivuko cha Kamanga, simu ikaita.

"Fundi anataka neno la siri."

"Mchepuko!"

"Nini? Sikusikii, injini inapiga kelele."

"MCHEPUKO!"

"Wa nani?"

"Wa kwangu! Nimeuweka jana usiku, ulikuwa umeshalala!"

Kivuko kizima kikanigeukia. Bibi mmoja mwenye kapu la ndizi akaniangalia kwa huruma: "Baba, hayo si ungesubiri ushuke?" Upande wa pili nikasikia kicheko cha fundi, na nyuma yake vicheko vya wauza vitenge. Kumbe simu ilikuwa kwenye spika.

Nikaeleza habari ya A, jasho linanitoka na upepo wote ule wa ziwa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mume wangu," akasema. Akiniita hivyo najua nimekwisha. "Kijiko kina A?"

"Hakina."

"Mbuzi je?"

"Haina."

"Na mpenzi?"

Akakata.

Nikashika bomba la kivuko kwa mkono mmoja, wa pili nikahesabu vidole. M, P, E, N, Z, I.

Jioni nilipopitia kwa fundi alinikabidhi kichwa cha dagaa alichokitoa chini ya kitufe, amekifunga kwenye karatasi vizuri kabisa. Akanionyesha pia kwamba kompyuta ina kibodi inayofunguka palepale kwenye kioo, unabofya A kwa mshale na mambo yanaisha. Nikamshukuru, ingawa sikuwa na moyo.

Nywila mpya kaiweka mama watoto mwenyewe. Wiki ya pili hii, hajaniambia.