Gitaa Zito Halichagui

Nyumbani kwetu Makorora, Tanga, kuna sufuria moja ambayo mke wangu haipikii tena. Ni yangu. Kila baada ya miezi miwili mitatu naitia maji na siki kijiko kimoja, yakichemka natumbukiza nyuzi nne za gitaa la besi. Dakika kumi tu, maji yanakuwa rangi ya chai ya jana: jasho la vidole, vumbi la kumbi za harusi, na grisi, maana mchana nauza vipuri vya baiskeli Ngamiani na grisi haikubali sabuni ya aina yoyote. Nazifuta, nazianika kwenye kamba ya nguo, nikizifunga tena zinalia kama mpya. Kwa wiki mbili hivi. Halafu zinarudi kulala.

Wapo wasiohangaika na haya. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na alicharaza kwa kidole kimoja tu cha shahada. Nilipomsimulia mke wangu, akanijibu, "Basi mwige, nirudishiwe sufuria yangu."

Sijamwiga, lakini namsikiliza kila siku. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na mpiga gitaa la solo wa bendi yetu. Yeye kwake muziki ni rumba ya Kongo, kwingine anapita kama abiria. Siku moja alichukua simu yangu wakati wa mazoezi, akapitisha kidole kwenye nyimbo nilizohifadhi: taarabu ya zamani, Jamhuri Jazz, rege, Motown, kwaya za kanisani, singeli. Akanirudishia akitikisa kichwa. "Kaka, wewe unapenda kila kitu. Anayependa kila kitu hana anachokipenda."

Nimelitafakari neno lile kwa muda mrefu kuliko alivyolitafakari yeye, na jibu langu ni hili: mpiga solo anaweza kuishi nyumba moja maisha yake yote na akaheshimika. Mwenye gitaa zito, yaani besi, hana anasa hiyo. Harusi moja tu ya hapa mjini, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 7, inataka bolero la kuwaingiza wazee, taarabu ya kina mama wenye pesa za kutunza, rumba, rege mbili kwa marafiki wa bwana harusi, na kabla hatujafunga, kijana mmoja lazima aje mbele kudai singeli. Mpiga solo akikosea mtindo, watu wanasema leo amejaribu kitu kipya. Besi ikikosea mtindo, miguu inagongana.

Chukua rege. Nilidhani ni nyepesi, noti chache, mwendo wa polepole. Kumbe kazi iko kwenye kuacha. Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers ya Bob Marley, alikuwa anaruka palepale unapomsubiri, anakuachia shimo, wewe mwenyewe unalijaza kwa kichwa chako. Mimi nililijaza kwa noti kwa mwaka mzima, kila shimo, kama fundi anayeziba pancha hata mahali pasipotoboka. Ukitoka hapo uende kwenye chemko la rumba, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, ambako besi inazunguka kifungu kilekile dakika tano bila kuchoka wala kuharakisha, unakuwa umehama mwili. Na huwezi kuhama mwili saa 5 usiku jukwaani kama mchana hujasikiliza.

Sehemu ya tatizo la watu kutoisikia besi ni simu, nadhani. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haina kifua cha kuutoa mtetemo huo. Kwa hiyo vijana wengi wanaujua wimbo mzima isipokuwa sakafu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia rege zote ni moja.

Halafu kuna hili ambalo linanitia hasira kidogo, naomba mniwie radhi. Nimewahi kuambiwa na kijana wa Chumbageni kwamba magitaa ya umeme yameharibu taarabu, kwamba ni mambo ya Dar ya juzijuzi. Ya Dar! Magitaa yaliingia kwenye taarabu hapahapa Tanga, enzi za vikundi vya Black Star Musical Club na Lucky Star, tangu miaka ya 1960 na kuendelea. Badala ya safu ndefu ya fidla wakaweka kundi dogo: akodiani, gitaa, besi, ngoma, na sauti kama ya marehemu Bi Shakila juu yake. Mapigo wakayaazima hata kwenye bolero za Kilatini. Wale hawakuulizana kama ni wa muziki huu au ule. Mji wa bandari, sahani za santuri zinashuka, watu wanasikiliza, kesho yake wanajaribu.

Na wenzao wa dansi walikuwa hivyohivyo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz ya mji huu kabla ya kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 kundi likagawanyika, ikazaliwa Les Wanyika, na humo alikuwamo Tom Malanga kwenye besi. Nilikaa na wimbo mmoja wao mwezi mzima. Noti zenyewe unazimaliza kuzijua jioni moja. Kilichobaki ni kuzipiga bila haraka, na mpaka leo nikizisikia kwenye daladala najua kwamba bado. Yeye anatembea, mimi nafukuzia.

Singeli? Naipenda, ingawa haina kazi na mimi. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, besi inatoka kwenye kinanda au kompyuta, vidole vyangu vya miaka 41 vinabaki kushangaa. Mpwa wangu ananicheka. Nisichokipenda, kwa kuwa nimeambiwa napenda kila kitu, ni besi inayojifanya solo, mtu anapiga noti arobaini kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyeifanya besi iimbe kama solo, nilishamsamehe zamani. Wengine wote wasubiri.

Kuhusu bendi yenyewe sina mengi ya kujisifia. Tanga waja leo, waondoka leo, msemo huo huimbwa kwa fahari lakini anayetafuta mpiga dramu anaujua kwa uchungu. Miaka sita, wapiga dramu wanne. Mmoja alipata kazi Dar, mwingine aliolea Muheza akaona nauli ya mazoezi haimlipi, wa tatu sijui, alisema anakwenda kununua sigara. Amplifaya yangu inasafiri kwa bodaboda, mimi nyuma nimeikumbatia kama mgonjwa. Tukishalipa usafiri na chakula, mgao wa usiku mmoja unaweza kuwa elfu kumi, na kuna usiku ulikuwa soda.

Mwaka jana tulipiga ukumbi mmoja upande wa Mabawa. Tulikuwa kwenye taarabu, kina mama wamesimama, noti za pesa zinapepea, mwimbaji wetu amekolea. Umeme ukayumba mara moja tu, taa zikafifia zikarudi, na amplifaya ya besi ikatoa harufu ya waya ulioungua na kunyamaza. Ya besi peke yake. Dramu ipo, kinanda kipo, solo ipo, sauti ipo. Nikamtazama mpiga solo, naye akanitazama, tukaendelea.

Ubeti haukuisha. Mama wa kwanza akakaa, kisha wawili, kisha meza nzima ya upande wa bibi harusi wakaanza kutafuta mikoba yao. Hakuna aliyegeuka kuniangalia mimi. Hakuna aliyejua kilichokosekana. Shangazi mmoja mwenye khanga begani, aliyekuwa akitunza kuliko wote, akamfuata MC, akamwinamia sikioni, na MC akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mwimbaji amechoka, tafadhali apelekewe maji.

Mwimbaji akaletewa maji. Akayanywa. Mimi nilikuwa bado nacharaza, kila noti mahali pake, na mlio pekee uliosikika ni wa kucha kwenye nyuzi.