Bibi Harusi Mtarajiwa Anafundishwa Kukataa?

Wanaobeza mafunzo ya ndoa katika jumuiya za kidini zinazoshika mapokeo huyaita shule ya utii, na wanaoyatetea huyaita ngome ya familia. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hubishania mno mwenendo unaofundishwa, zikasahau kuuliza msichana anaambiwa nini kuhusu ridhaa yake.

Hoja ya watetezi si dhaifu. Miongoni mwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, mchumba hufundishwa na mwanamke aliyeolewa sheria za twahara: siku za hedhi, kisha siku saba safi, ambazo mume na mke hawagusani mpaka mke ajitwaharishe katika birika la mikveh. Ni masharti mazito, ila binti hupata mtu mzima wa kumuuliza mambo ambayo pengine mama yake angeyaonea haya. Kanisa Katoliki nalo huwaandaa wachumba wote wawili. Kwingineko mwanamume huchukuliwa kana kwamba alizaliwa akijua.

Ugumu uko kwenye ridhaa. Kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 huibatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa. Katika Uislamu, Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, amepokea kisa cha Khansaa binti Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza bila ya yeye kutaka, na Mtume akaivunja ndoa hiyo. Kuhusu bikira wanazuoni wa madhehebu ya sheria ya Kiislamu walitofautiana: Mahanafi walishurutisha ridhaa ya mwanamke aliyebaleghe, ilhali Mashafii walimruhusu baba, kwa masharti, kumwoza bintiye bikira bila idhini yake. Hadithi nayo inasema kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake, huruma ya wazi kwa mwenye haya. Lakini msichana aliyelelewa miaka yote asijibizane na wakubwa atanyamaza akitaka na atanyamaza asipotaka, na walii, yaani msimamizi anayemwoza, hatakuwa na njia ya kutofautisha.

Kwa hiyo sioni haja ya kuyafuta mafunzo haya, bali wakati wake unanitia shaka. Mara nyingi huanza posa ikiwa imekwisha kukubaliwa na siku ya harusi imetajwa, na hapo hata mwalimu mwaminifu kabisa, akimweleza binti haki ya kukataa, anamweleza haki ambayo kuitumia kutawaaibisha wazazi mbele ya wageni walioalikwa. Haki hiyo ingefundishwa kabla mposaji hajabisha hodi.